Waranti ya nyongeza ya gari: karatasi ya Dar, barabara za Mtwara

Msimu wa korosho ukishakolea na fedha za minada ya mwanzo zikaingia kwenye akaunti za wakulima wa Tandahimba, Newala na Masasi, biashara ya magari nayo huamka. Picha za Noah, Probox, IST na Harrier zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, bei pembeni, na chini yake maneno "imeshatoka bandarini, ni wewe tu bosi". Kwenye baadhi ya matangazo utakuta na nyongeza: weka milioni na ushee juu ya bei, upewe waranti ya mwaka mmoja au miwili. Anayenunua gari lake la kwanza, tena aliyekwisha kusikia visa vya gia boksi zilizokufa kabla gari halijafika hata Mingoyo, anaona hapo amepata pa kulalia usingizi.

Niseme msimamo wangu mapema. Kwa gari la mtumba la kawaida, kwa mtu anayeishi na kutembea Mtwara au Lindi, waranti ya nyongeza mara nyingi hailipi. Utapeli upo, lakini hata muuzaji akiwa mkweli kabisa tatizo linabaki palepale: thamani ya karatasi ile hupungua kadiri unavyokuwa mbali na gereji inayoitambua, na hupungua tena pale barabara zako zinapokula vifaa ambavyo karatasi haivitaji. Wapo wanaofaidika nayo. Nitawafikia.

Ahadi nyingi, jina moja

Gari jipya linalotoka kwa wakala wa mtengenezaji huja na waranti ya mtengenezaji. Kwa kawaida ina mipaka miwili, wa muda na wa umbali, tuseme miaka 3 au kilomita 100,000, na utakaotangulia kufika ndio unaoifunga. Gharama yake imo tayari ndani ya bei ya gari. Kazi yake ni kurekebisha kosa la kiwandani, yaani kifaa kilichotengenezwa au kufungwa vibaya. Gari lililouzwa mara ya kwanza Japani kwa ajili ya soko la Japani lilikuwa na waranti ya huko, na waranti hiyo haikupanda meli pamoja nalo. Anayekuambia "hili bado lina waranti ya kampuni" kuhusu gari la mtumba lililoagizwa, mwombe akuonyeshe ni kampuni ipi hapa nchini itakayolipokea.

Waranti ya nyongeza huanza pale ile ya mtengenezaji inapokoma, au kwa gari la mtumba, baada ya siku za kungoja zilizoandikwa kwenye mkataba. Anayeitoa anaweza kuwa mtengenezaji mwenyewe, au yadi, au kampuni ya tatu ambayo haijawahi kuliona gari lako wala haitaliona mpaka siku ya ugomvi. Nembo kubwa juu ya karatasi mara nyingi ni ya muuzaji. Anayebeba deni ametajwa ndani, kwa herufi ndogo, na huyo ndiye wa kumtafuta kwanza.

Marekani, ambako biashara hii imekomaa, Tume ya Biashara ya Shirikisho huwaambia wanunuzi wazi kwamba kinachouzwa kando kwa jina la waranti ya nyongeza kisheria si waranti, ni mkataba wa huduma. Huko pia ndiko ilikoota kero kubwa ya simu za mashine zinazodai "waranti ya gari lako inakaribia kwisha". Mwaka 2022 Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliyaamuru makampuni ya simu yazizuie, na mwaka 2023 ikawatoza waendeshaji wa mtandao mmoja wa simu hizo faini inayokaribia dola milioni 300 kwa simu zaidi ya bilioni 5 zilizopigwa ndani ya miezi 3 tu ya 2021. Biashara isiyo na faida nono haipigi simu bilioni 5.

Hapa kwetu, ahadi ya kulipa fedha pindi tukio lisilo na uhakika litakapotokea, kwa malipo yaliyotangulia, inakaa karibu sana na bima, na biashara ya bima inasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima nchini, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: nyuma ya waranti hii kuna kampuni ya bima iliyosajiliwa, na inaitwaje? Akikupa jina, jina hilo linahakikika. Akicheka na kukuambia "mzee wangu, sisi hatuhami hapa", umeshajibiwa.

Usiichanganye waranti na bima kubwa. Bima kubwa hulipa ajali, moto, wizi. Injini ikifia uani kwa uchakavu, bima kubwa haihusiki. Kinyume chake pia ni kweli. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam maeneo ya Somanga, dereva aliyejitosa kwenye maji na injini ikayavuta hakuwa na la kuiambia waranti yoyote, kwa sababu hakuna kilichoharibika chenyewe. Wa kumwendea hapo ni mtu wa bima, na yeye naye utamsomea mkataba wake uone kama mafuriko yamo.

Kuna na ahadi ya mdomo, ile ya yadi: "Injini na gia boksi nakuhakikishia mwezi mzima." Hii watu huidharau kwa kuwa ni ya bure. Mimi naipenda kuliko zile za kulipia, kwa sharti moja: iandikwe kwenye risiti au mkataba wa mauzo, mstari mmoja tu, wenye tarehe, kilomita zilizosomeka siku hiyo, vifaa vinavyohusika, na kwamba gharama ni ya muuzaji. Muuzaji anayekataa kuandika mstari mmoja wa ahadi aliyoitoa mbele ya mashahidi anakuambia jambo kuhusu gari.

Karatasi inafunika nini, na huku kinaharibika nini

Mikataba ya waranti ya nyongeza iko kwa mitindo miwili. Mmoja hutaja vinavyofunikwa, na kisichotajwa hakimo. Mwingine hutaja visivyofunikwa, na kilichobaki kimo. Wa pili ni bora na ni ghali zaidi. Ule wa bei ya kuvutia karibu siku zote ni wa kwanza, na orodha yake hujaa vitu vya ndani ya injini na gia boksi: pistoni, krankshafti, kamshafti, pampu ya oili, gia zenyewe. Ukiisoma haraka unaona gari zima limefunikwa.

Sasa nenda gereji yoyote Mtwara mjini, Masasi au Nachingwea, uangalie magari yaliyolala pale yameletwa kwa nini. Shokapu. Bushi za mikono. Bol joint na tairodi. Bering za matairi. Mipira ya draivu shafti iliyopasuka ikaingiza mchanga. Egzosi iliyoliwa na kutu. Breki. Klachi kwa magari ya mzigo. Barabara kuu zina lami, ndiyo, lakini korosho haistawi kando ya lami peke yake. Ukiingia vijiji vya uwanda wa Makonde unakutana na mchanga, makorongo ya mvua na vumbi linaloziba chujio la hewa kabla ya wakati. Ukishuka pwani, Mikindani, Kilwa Masoko au kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi, chumvi ya hewa inaanza na boliti za chini na kumalizia kwenye chesisi. Karibu vyote hivi mkataba huviita "uchakavu wa kawaida" au "kutu", na hapo ndipo mkataba unapojitoa.

Kwa maneno mengine, waranti ya bei nafuu inakulinda dhidi ya krankshafti kukatika, jambo ambalo injini ndogo ya Toyota iliyobadilishwa oili kwa wakati hulifanya kwa nadra, na inakuacha peke yako kwenye shokapu, ambazo utabadilisha utake usitake.

Kuna jambo gumu zaidi, na ndilo linalozaa ugomvi mwingi: mnyororo wa sababu. Chukua kisa cha kawaida. Mpira wa maji wa rejeta umezeeka, unavuja kidogo kidogo. Dereva yuko kati ya Nangurukuru na Mingoyo, jua kali, geji ya joto inapanda. Anasema nifike tu mbele kwenye nyumba. Akifika, gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi imepinda. Silinda hedi imo kwenye orodha ya vinavyofunikwa. Mwenye gari kaiona orodhani kwa macho yake kabla ya kupiga simu. Jibu linalorudi ni kwamba chanzo ni mpira wa maji, na mpira ni kifaa cha uchakavu, kwa hiyo madhara yake nayo hayamo. Tena kuna kifungu kingine: mwenye gari alitakiwa kusimama mara taa au geji ilipoonyesha hatari. Vifungu viwili, kila kimoja kinatosha peke yake kumnyima. Hajaonewa hapo. Ndivyo mkataba ulivyoandikwa, na alitia saini.

Na nani anathibitisha chanzo? Injini lazima ifunguliwe. Kazi ya kuifungua kwa kawaida unailipia wewe kwanza, na ikionekana chanzo hakimo kwenye orodha, fedha hiyo hairudi. Unabaki na injini iliyotawanywa kwenye turubai, katika gereji ambayo hukuichagua.

Rekodi za sevisi nazo zimeangusha madai mengi. Mkataba unataka oili ibadilishwe kila baada ya kilomita fulani, mara nyingi 5,000, kwa oili ya daraja lililotajwa, na ushahidi uwepo. Fundi wetu wa chini ya mkorosho anaweza kuwa hodari kuliko wa gereji yenye vigae, lakini hatoi risiti ya EFD. Ukifanya sevisi kwake umefanya vizuri kwa gari na vibaya kwa waranti. Gia boksi za CVT, aina ya otomatiki isiyo na hatua za gia, zina yao pia: zinahitaji hydroliki yao maalumu, na zikimwagiwa ile ya gia boksi ya kawaida kwa sababu dukani ndiyo iliyokuwepo, gia boksi ikifa hakuna atakayekulipa.

Vipo vifungu vitatu vingine ambavyo kwa watu wa kusini vina uzito wa pekee. Cha kwanza ni matumizi ya biashara. Noah inayochukua abiria wa Tandahimba siku za gulio, Probox inayobeba magunia hadi ghala la AMCOS (ushirika wa wakulima), pikapu inayokodishwa kwa watafiti wa gesi: mkataba wa gari la matumizi binafsi unazifukuza zote. Usiandike "binafsi" ili upunguziwe bei halafu utegemee kulipwa. Cha pili ni kubadilisha mfumo wa gari. Inachekesha kidogo kwamba gesi inatoka hukuhuku kwetu, Mnazi Bay na Songosongo, lakini anayefunga mtungi wa gesi kwenye gari lenye waranti bila idhini ya maandishi anaweza kuwa ameifuta kwa mkono wake. Cha tatu ni mafuta machafu. Nozeli na pampu zilizoharibiwa na petroli ya kidumu haziko kwenye karatasi yoyote niijuayo.

Hesabu yenyewe

Tuweke tarakimu za mfano. Si bei ya kampuni yoyote. Zibadilishe kwa zile ulizopewa wewe.

Tuseme waranti ya miaka 2 inauzwa shilingi 2,400,000. Kila unapodai, unachangia 300,000 kwanza. Tengenezo kubwa ambalo lingekuumiza, mathalani gia boksi, lina gharama ya 4,000,000. Likitokea na likakubaliwa, waranti inakuokolea 3,700,000. Ili uwe umetoka sare, uwezekano wa tengenezo hilo kutokea ndani ya miaka 2, likiwa limekubaliwa, lazima uwe 2,400,000 kugawanya kwa 3,700,000, yaani karibu asilimia 65. Gari ambalo lina asilimia 65 za kuua gia boksi ndani ya miaka 2 halifai kununuliwa, achilia mbali kuwekewa waranti.

Hiyo ni hesabu ya mtu anayekaa Dar es Salaam, gereji iliyoidhinishwa ikiwa mtaa wa pili. Wewe uko Mtwara, zaidi ya kilomita 550 kutoka huko. Gari lisilotembea linahitaji kubebwa. Tuseme kulibeba, nauli yako ya kwenda na kurudi, na siku za kulala vinafika 900,000, na mkataba haulipi kubeba au unalipa kilomita 50 tu. Sasa waranti inakuokolea 2,800,000 badala ya 3,700,000, na uwezekano unaohitajika unapanda hadi karibu asilimia 86. Bei ni ileile, karatasi ni ileile, saini ni ileile. Kilichobadilika ni anwani yako.

Na hapo sijaweka kipato kilichopotea gari likiwa limelala Dar wiki kadhaa likingoja idhini ya spea, wala kikomo cha juu. Mikataba mingi ina kikomo, ama cha kila dai ama cha jumla, na baadhi huweka kikomo kuwa thamani ya gari sokoni siku hiyo. Gari la zamani hufika mahali ambapo kikomo na bei ya injini ya mtumba vinakaribiana.

Muuzaji yeye hesabu yake ni nyepesi. Kutokana na fedha za wanunuzi wote lazima alipe madai, alipe kamisheni ya aliyekushawishi, alipe ofisi, na abaki na faida. Kwa wastani, basi, wanunuzi wote kwa pamoja watapokea pungufu ya walichotoa. Jarida la Consumer Reports la Marekani lilipowauliza wasomaji wake muongo uliopita, asilimia 55 ya walionunua waranti za nyongeza za magari walisema hawakuwahi kuzitumia hata mara moja. Huko spea na gereji ziko karibu.

"Si uweke akiba mwenyewe?"

Huu ndio ushauri unaorudiwa kila mahali: fedha ya waranti iweke kando, gari likiharibika utengeneze, lisipoharibika fedha ni yako. Kwa mwalimu au nesi anayelipwa kila mwisho wa mwezi, nakubaliana nao bila nyongeza. Laki moja kila mwezi kwa miaka 2 ni 2,400,000 ileile ya mfano wetu, na hakuna mtu wa kuiombea kibali.

Ila ushauri huo umeandikwa na watu wa mshahara kwa ajili ya watu wa mshahara. Mkulima wa korosho hupata fedha yake kwa mkupuo, Oktoba ikianza hadi Januari hivi. Kuanzia hapo ni kutoa tu: ada, palizi, harusi za watu, na ikifika Juni na Julai ni kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ukungu wa mikorosho. Gari likizima Julai, mwenyewe anakuwa kwenye kipindi kikavu kuliko vyote na wakati huohuo analihitaji kuliko wakati wowote. Akiba aliyoiweka Novemba, kama ilikuwa kwenye simu au mkononi, ilishapata shughuli nyingine kabla ya Machi. Sina haja ya kumshangaa, ndugu hawakosi kujua msimu ulikuwa mzuri.

Kwa hiyo hoja ya kweli ya kumuunga mkono mtu wa namna hii akinunua waranti ni kwamba inafunga fedha wakati ipo. Analipa Novemba, analindwa Julai. Hoja hiyo ina nguvu, na sijaona wauzaji wakiitumia, pengine kwa sababu hawajawahi kukaa huku. Lakini kufunga fedha kuna njia nyingine zisizo na herufi ndogo. Akaunti ya muda maalumu inayofunguka Juni ni moja. Hisa za SACCOS au kikoba chenye mfuko wa dharura ni nyingine, na kikoba kina jicho la wenzako. Ninayoipendelea mimi ni kununua matengenezo yenyewe mapema: fedha ikiingia, badilisha shokapu na bushi zilizokwisha, mipira yote ya maji, mikanda, betri, matairi kama yamefika, na weka ndani oili na chujio za sevisi mbili zijazo. Spea iliyoko kwenye kabati haikopeki kirahisi. Na ile mipira ya maji ndiyo ingekuokolea silinda hedi kule Nangurukuru.

Ulichonacho tayari bila kulipia

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara wa bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili kuuzwa, hata kama hakuna mtu aliyeutaja ubora huo. Kwa yadi ya magari hilo linahusu. Kwa jirani anayeuza gari lake mkononi halihusu kwa namna hiyo. Na kama ulilikagua gari, huwezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuiona. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiko malalamiko yanakopelekwa. Kurudisha nyuma kilomita za dashibodi ni upotoshaji, hata ukiitwa "kuweka sawa".

Kasoro za kiusalama ambazo mtengenezaji mwenyewe amezikiri na kuyaita magari yarudi ni suala la peke yake, na halitegemei waranti: kwa kawaida mtengenezaji hurekebisha kwa gharama yake. Mfano unaotuhusu sana watu wa pwani ni mifuko ya hewa ya Takata. Kemikali iliyokuwa ikiijaza hewa, amoniamu naitreti, huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu, na mfuko ukifyatuka unaweza kupasua kopo lake na kurusha vipande vya chuma usoni. Duniani takriban mifuko milioni 100 iliitwa irudi, kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengine wengi, na Takata yenyewe iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mtwara mwaka mzima. Kabla hujalipia gari lililoko Japani, pata namba ya chesisi uiweke kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji, uone kama kazi hiyo ilishafanywa. Likishafika huku utahangaika zaidi.

Ukaguzi kabla ya kununua ndio unaonunua usalama mwingi kwa fedha kidogo. Omba karatasi ya mnada wa Japani: daraja kama 4 au 3.5 linasema jambo, herufi R inasema lilipata ajali likatengenezwa, na kilomita za siku ile zimo. Kwa gari lililoko nchini, lipa fundi wako, asiye rafiki wa muuzaji, alipande, alipime kwa mashine na kulitazama chini kwenye chesisi. Hata ukimlipa nauli ya basi kutoka Lindi hadi Dar bado umetumia sehemu ndogo ya bei ya waranti.

Nani anunue, basi

Anunue mwenye gari jipya au karibu jipya, lenye vifaa vingi vya umeme, ambalo waranti yake ya nyongeza inatolewa na mtengenezaji mwenyewe na kuna gereji inayoitambua mahali anakoweza kufika kwa tangi moja. Taasisi yenye magari kadhaa kwa kawaida haiihitaji, kwa sababu magari mengi hulindana yenyewe: moja likifa, bajeti ya mengine inalibeba.

Anaweza kuifikiria pia mnunuzi wa haibridi, gari la petroli na umeme, kama Aqua au Prius, ila kwa swali moja tu: betri kubwa imetajwa kwa jina? Hiyo ndiyo sehemu inayomtisha kila mtu, na isipotajwa, ihesabu haimo. Mengine ya mkataba huo hayana tofauti na niliyoyaeleza.

Na anunue, kwa nadra, yule ambaye tengenezo moja la milioni nne lingemuuzisha shamba, hana ndugu wa kumkopesha, na amepewa mkataba wa mtindo wa pili wenye gereji Mtwara, Lindi au Masasi. Huyo hanunui faida. Analipa ili asifilisike, na kwa shabaha hiyo kulipa kupita wastani kunaeleweka.

Kama umeshatia saini na sasa unajikuna, tafuta kifungu cha kusitisha leo. Mikataba mingi ina siku chache za mwanzo ambazo ukirudisha unalipwa chote, na baada ya hapo hulipwa sehemu ya muda uliobaki baada ya makato. Andika barua au barua pepe, usipige simu tu. Ukiamua kubaki nayo, peleka sevisi pale penye risiti, weka risiti zote pamoja na picha ya dashibodi ikionyesha kilomita siku hiyo, na gari likileta shida, usimwache fundi afungue hata boliti moja kabla hujapata namba ya idhini. Ukiliuza gari kabla ya muda, angalia kama waranti inahamishika kwa mnunuzi. Ikihamishika, itaje kwenye bei.